Je, ninunue kibodi ya kuprogramu ili kuharakisha kazi ya katuni?

Swali: Habari, Mwalimu. Ninachora katuni za 2D kwa Blender hapa Nakuru. Nina laptopu ya inchi 14 yenye skrini ya 1366 kwa 768, isiyo na vitufe vya namba upande wa kulia, na tableti ndogo ya kuchorea. Sasa hivi niko kwenye hadithi ya watoto ya dakika moja, ya heroe aliyekataa kuhama ziwa, na imeshanila wiki tatu. Nusu ya muda wangu naona inaishia kwenye menyu na paneli: nafungua, nafunga, natafuta. Rafiki yangu amenitafutia kibodi ndogo ya kuprogramu, ile ambayo unaamua mwenyewe kila kitufe kifanye nini, ya Sh12,000. Mwingine anasema shida ni Blender yenyewe, nihamie programu nyingine. Nianzie wapi?

Jibu: Dada yangu, hizo Sh12,000 zitunze kwanza. Huenda mwishoni ukainunua kibodi hiyo na sitakuzuia, lakini kwa maelezo uliyonipa kuna kazi isiyogharimu hata shilingi inayotangulia, na baada yake kuna kifaa cha bei ya chini ambacho kwa mtu wa laptopu kama yako kinafanya karibu kila unachokihitaji.

Tupige hesabu kidogo, maana hilo la nusu ya muda linafaa lipimwe. Dakika moja kwa fremu 24 kwa sekunde ni fremu 1,440. Ukichora mchoro mmoja kwa kila fremu mbili, kama wengi wetu tunavyofanya, ni michoro 720. Mwaka 1980 watafiti watatu wa Marekani, Stuart Card, Thomas Moran na Allen Newell, walichapisha njia ya kukadiria muda ambao mtu aliyeizoea programu hutumia kwa kila kitendo: kubonyeza kitufe ni kama sekunde 0.2, kupeleka mshale mahali fulani kwenye skrini ni kama sekunde 1.1, kuhamisha mkono kutoka kibodi hadi mausi ni sekunde 0.4. Njia hiyo ni ya zamani lakini bado inafaa kwa makadirio. Chukua kitendo kimoja, kuongeza fremu kuu tupu, yaani nafasi ya mchoro mpya, kwa kupitia menyu. Unapeleka kalamu kwenye menyu, unabonyeza, unashuka kwenye jina, unabonyeza, unarudi kwenye mchoro. Jumla ni sekunde 3.7. Kwa kitufe kilicho chini ya kidole ni sekunde 0.2. Tofauti ya sekunde 3.5 mara michoro 720 ni dakika 42. Ukiwa na vitendo vitano vya namna hiyo kwa kila mchoro, ni saa tatu na nusu.

Saa tatu na nusu si haba, lakini si wiki tatu. Michoro 720, hata ukiipa dakika tano tano tu, ni saa 60 za kuchora, na hakuna kibodi itakayokuchorea. Kwa hiyo yeyote anayekuahidi kwamba vitufe vitaigeuza kazi ya wiki tatu kuwa ya wiki moja anakuuzia maneno. Muda mkubwa hupotea kwenye kurudia: michoro uliyoimaliza ukaja kuiona mbovu baadaye. Hapo ndipo vitufe vina faida ambayo wauzaji hawaisemi.

Waliochora katuni kwenye karatasi walikuwa na mkono mmoja wa penseli na mkono mwingine wa kupekua. Karatasi zilitobolewa matundu, zikachomekwa kwenye vigingi vya meza yenye taa, na vidole vya mkono usioshika penseli vikapenya baina ya karatasi tatu nne, vikizirusha mbele na nyuma huku macho hayabanduki kwenye mchoro. Kosa lilionekana palepale. Tulipohamia kompyuta, wengi tulipewa kalamu nzuri na kazi ya kupekua ikaachwa yatima: unainua kalamu, unashuka hadi mstari wa muda chini ya skrini, unaburuta, unaangalia, unarudi. Kwa sababu ni usumbufu, unapekua mara chache. Kwa sababu unapekua mara chache, mguu wa heroe wako uliokanyaga chini unateleza kidogo kidogo, nawe unakuja kugundua baada ya michoro 40. Kuichora upya michoro hiyo 40 kunakula muda kuliko menyu zote ulizofungua tangu uanze.

Kwa hiyo vitufe vya kwanza kupangwa viwe vya kuangalia. Vya kuongeza, kufuta na kubadilisha brashi vije nyuma yake.

Waliotengeneza programu ya katuni ya Toon Boom Harmony walilijua hili: mchoro uliotangulia uko kwenye F na unaofuata uko kwenye G, chini ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Programu nyingine ya katuni, Adobe Animate, hutumia mkato na nukta kusogea fremu moja nyuma na mbele, na vitufe hivyo viko upande wa kulia wa kibodi, kwa hiyo anayeshika kalamu kwa mkono wa kulia anapitisha mkono wa kushoto mbele ya kifua kama anayetafuta mkanda wa matatu. Blender haijambo sana. Kishale cha kushoto na cha kulia husogeza fremu moja, na kishale cha juu na cha chini huruka kutoka fremu kuu hadi nyingine, yaani kutoka mchoro hadi mchoro. Vishale hivyo kwenye laptopu yako viko wapi? Pembe ya chini, kulia, vidogo, vimebanana. Wanaochora kwa mkono wa kushoto ndio wenye raha hapa, mara moja katika maisha.

Sasa vitendo. Kabla hujabadilisha chochote, chukua karatasi uiweke kando ya tableti. Kwa siku moja ya kazi ya kawaida, kila kalamu inapoacha mchoro kwenda mahali pengine kwenye skrini, andika neno moja la ulikokwenda na uongeze kijistari. Usijiangalie sana, chora kama siku zote. Nimewafanyisha vijana ninaowafundisha hapa Kisumu zoezi hili na orodha huwa fupi kuliko walivyodhani: vitendo saba au vinane hivi vinabeba karibu vijistari vyote. Tena vinavyoongoza huwa si vile walivyokuja wakivilalamikia. Kijana mmoja wa Kondele aliapa kwamba rangi ndizo zinamchelewesha. Karatasi yake ilijaa vijistari vya kuwasha na kuzima vivuli vya michoro ya jirani, yale maumbo hafifu yanayokuonyesha mchoro uliotangulia na unaofuata. Orodha yako ndiyo itakayopanga vitufe vyako. Usikubali orodha ya mtu mwingine, hata yangu.

Kisha skrini, kwa sababu kwa ukubwa wa 1366 kwa 768 nina hakika sehemu ya "natafuta" inatokana na kubanana. Blender ilibadilishwa sura kabisa katika toleo la 2.80, Julai 2019, na tangu hapo inakuja na kiolezo cha kazi za 2D. Ukianza faili mpya kwa "2D Animation" utaona vichupo juu, na kimojawapo kinaitwa "2D Full Canvas", kimeondoa paneli nyingi na kuiachia karatasi nafasi. Fanyia kazi humo. Ukitaka paneli ya pembeni bonyeza N itokee, bonyeza N tena iondoke. T ni vivyo hivyo kwa zana. Ctrl pamoja na Space hukuza eneo lolote ambalo mshale uko juu yake lijaze dirisha, na ukirudia linarejea lilivyokuwa. Ndani ya "Preferences", sehemu ya "Interface", kuna "Resolution Scale": ishushe kidogo kutoka 1.0 mpaka maandishi yanapoanza kukusumbua macho, halafu rudi nyuma hatua moja. Kwenye skrini yako hatua hiyo peke yake inaongeza nafasi utakayoiona.

Ukishapanga, usiache mpangilio upotee. Nenda "File", "Defaults", "Save Startup File", na kila faili mpya ya "2D Animation" itafunguka ulivyopanga. Lakini kuna mtego mmoja unaowakera watu miaka nenda miaka rudi: faili ya Blender hubeba mpangilio wa skrini wa aliyeihifadhi. Mteja au mwenzako akikutumia faili aliyoifanyia kwenye skrini ya inchi 27, ukiifungua utapata paneli zake zote zimejazana kwenye inchi zako 14. Kwenye dirisha la kufungua faili, upande wa kulia, kuna kisanduku "Load UI". Kiondoe tiki, na faili itaingia kwenye mpangilio wako mwenyewe.

Kwa vitendo vile vya orodha ambavyo havitokei kila dakika, tumia kitufe Q. Hicho ni menyu ndogo ya vipendwa: bonyeza kulia jina lolote kwenye menyu, chagua "Add to Quick Favorites", na kuanzia hapo Q italileta pale pale kalamu ilipo. Menyu hii hubadilika kulingana na hali uliyomo, kwa hiyo utakayojaza ukiwa unachora haitaonekana ukiwa unahariri. Usijaze zaidi ya vitu sita, maana ukianza kuisoma tena kama gazeti umerudi ulikotoka.

Tukija kwenye vitufe vyenyewe, kile kifaa cha bei ya chini nilichokitaja ni kipande cha vitufe vya namba cha USB, kile wanachouziwa makarani wa hesabu. Utakipata kwenye maduka ya vifaa vya kompyuta pale Kenyatta Avenue, na hata kilichotumika kinafaa. Sababu ya kukupendekezea hiki ni kwamba laptopu yako haina vitufe hivyo, na Blender hutofautisha namba za juu ya herufi na namba za kipande hiki. Ukikichomeka umepata vitufe 17 au zaidi ambavyo havigombani na chochote unachokiandika. Kiweke kushoto kwa tableti, kiinamishe kidogo kufuata mkono, na kibandike kwa gundi ya pande mbili kwenye ubao uleule unaobeba tableti ili umbali kati yao usibadilike. Mkono haujifunzi kitu kinachotembeatembea mezani. Kingine cha bure: kitufe 5 kina kijinundu cha kuguswa, kwa hiyo kidole cha kati kinajua nyumbani bila macho kuteremka.

Mimi ningepanga hivi, na wewe ubadilishe kwa mujibu wa karatasi yako. 4 na 6, mchoro uliotangulia na unaofuata. 1 na 3, fremu mbili nyuma na fremu mbili mbele. 5, kuwasha na kuzima vivuli. Enter kubwa ya pembeni, kucheza na kusimamisha. Alama ya kujumlisha, fremu kuu tupu. 8 brashi, 2 kifutio. Sifuri iache kama ilivyo, kwa sababu ndiyo inayokurudisha kwenye mwonekano wa kamera, nawe mchoraji wa 2D unaihitaji kila unapopotea.

Kuvipanga, fungua "Preferences" kisha "Keymap". Usiwe na haraka ya kubadilisha yaliyopo. Tafuta sehemu ya kuchora ya Grease Pencil, ndiyo zana ya 2D ya Blender, ishuke hadi chini na ubonyeze "Add New" uongeze mistari yako humo. Sababu ni hii: namba hizo tayari zina kazi kwenye 3D, za kuzungusha mwonekano. Ukiziandika kwenye sehemu ya hali ya kuchora, Blender hutii kwanza sehemu ya hali uliyomo, na ukitoka kwenye kuchora zile kazi za 3D zinaendelea kama kawaida. Wanaofuta za zamani hujuta siku wanapotaka kuingiza boti au mti wa 3D nyuma ya katuni yao.

Kwenye mstari mpya andika jina la amri. Ya kuruka mchoro ni screen.keyframe_jump, nayo ina kisanduku "Next": wenye tiki uupe 6, usio na tiki uupe 4. Ya kusogea fremu ni screen.frame_offset, na ukiifungua utaona nafasi ya "Delta". Weka 2 kwa kwenda mbele na -2 kwa kurudi. Hilo tu limekuondolea nusu ya mibonyezo, kwa sababu unachora kila fremu ya pili. Nimeona watu wa miaka mingi kwenye kazi hii wakibonyeza kishale mara mbili kila mchoro wakidhani ndivyo Blender ilivyo. Kwa vitu vya tiki, kama vile vivuli, hata kuandika hakuhitajiki: bonyeza kulia juu ya kisanduku chenyewe, chagua "Assign Shortcut", kisha gusa kitufe unachokitaka.

Fanya kazi na huo mpango kwa muda, vidole vitajikwaa mwanzoni. Ongeza vitufe vitatu vinne kwa awamu. Ukivipanga vyote siku moja utaacha kuvitumia vyote.

Sasa ile kibodi ya kuprogramu. Kuna mahali inapokuzidi kipande cha namba, na pa kwanza ni kitasa cha kuzungusha. Kitasa hutoa mpigo kwa kila hatua, na kila mpigo unaweza kuwa mbonyezo wa kitufe, kwa hiyo unazungusha na fremu zinapita moja moja mbele na nyuma chini ya vidole viwili. Hicho ndicho kitu kilichokaribia zaidi karatasi zile za kupekuliwa. Pa pili ni tabaka: kitufe kimoja ukikishikilia, vingine vyote vinabadilika kazi. Pa tatu ni kwamba kibodi nzuri hubeba mpangilio ndani ya kumbukumbu yake, kwa hiyo unaichomeka kwenye kompyuta ya studio nyingine bila kusakinisha chochote.

Ukienda kununua, muulize muuzaji maswali mawili. Mpangilio unakaa ndani ya kibodi yenyewe, au ndani ya programu inayopaswa kuwa imefunguliwa muda wote? Na je, inatumia QMK, na inapangwa kwa VIA au Vial? QMK ni programu huria inayoendesha ubongo wa kibodi, na VIA, kama Vial, hukuruhusu kubadilisha vitufe papo hapo, hata kwa kivinjari cha Chrome. Muuzaji akikuambia ina programu yake maalum ya Windows kwenye diski ndogo ndani ya boksi, basi hiyo Sh12,000 ingoje.

Na ukiipata, nakuomba ufuate kanuni moja, ambayo watu wengi huipuuza. Kibodi isijue lolote kuhusu Blender. Wengi huprogramu kitufe kitume Ctrl na herufi fulani kwa sababu ndiyo njia ya mkato ya leo, kisha toleo jipya linabadilisha njia hiyo, au wanafungua programu ya kuchora ya Krita ambako herufi zile zina maana nyingine, na kila kitu kinavurugika. Badala yake, vipe vitufe majina yasiyo na maana. Kompyuta inatambua F13 hadi F24, vitufe ambavyo karibu hakuna kibodi ya kawaida iliyo navyo, na Blender inavitambua pia. Kitufe cha kwanza kiwe F13, cha pili F14, na kuendelea. Halafu maana iandike ndani ya kila programu: Blender ijue F13 ni mchoro uliotangulia, na Krita nayo uiambie vivyo hivyo kwenye mipangilio yake. Kidole kinajifunza mara moja, na kila programu inakifuata kidole.

Kama unatumia Linux, ujue baadhi ya hivyo vya F13 kwenda juu hufika vikiwa vimepewa kazi nyingine na mfumo. Hapo tumia Ctrl, Alt na Shift kwa pamoja na herufi moja, mchanganyiko ambao hakuna mtu anaugusa kwa bahati mbaya. Kwenye Windows usiongeze kile kitufe cha Windows juu ya hivyo vitatu, maana mchanganyiko wa vinne umeshachukuliwa na Microsoft kufungua Office, nawe utaitwa kuandika barua katikati ya mchoro.

Ukipenda kuitengeneza mwenyewe, si jambo la kutisha. Raspberry Pi Pico, kijibao kilichotoka Januari 2021 kwa dola 4 huko nje na kinachouzwa zaidi ya hapo hapa kwetu, kina pini 26 za kuunganishia. Vitufe 12 havihitaji hata diodi (kijipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu): mguu mmoja wa kila kitufe unakwenda kwenye pini yake, mguu wa pili unakwenda kwenye ardhi ya pamoja, yaani pini ya GND. Unashikilia kile kitufe kidogo cha BOOTSEL ukichomeka USB, kijibao kinajitokeza kama flashi, unakiwekea CircuitPython (Python ya vijibao vidogo), halafu unanakili KMK (programu ya kibodi inayokaa juu yake) na faili fupi ya maandishi inayosema pini ipi ni F13 na ipi ni F14. Kubadilisha mpangilio ni kufungua faili hiyo, kuandika na kuhifadhi. Boksi unaweza kulitoboa kwenye kontena la plastiki la chakula. Mafundi wa simu wana pasi ya solda na mkono uliotulia. Ukimpelekea mmoja kijibao, vitufe na mchoro wa nyaya, ni kazi ya alasiri moja.

Kuna kishawishi cha kuiambia kibodi ifanye mambo mengi kwa mbonyezo mmoja: isogee fremu mbili, iongeze fremu kuu, ibadilishe brashi. Usiuweke mfuatano huo ndani ya kibodi. Kibodi hutuma mibonyezo kwa kufuata saa, haijui kama Blender imemaliza ya kwanza. Siku laptopu imelemewa na mandhari nzito, mbonyezo wa pili unafika kabla ya wa kwanza kutekelezwa na unaharibu mchoro usiotarajia. Mfuatano kama huo uandike kwa lugha ya Python ndani ya Blender, uupe jina, na uuite kwa F15. Huhitaji kuwa mwanaprogramu: fungua eneo la "Info", fanya vitendo vyako kwa mkono, na vingi vitaonekana vimeandikwa pale kama amri unazoweza kunakili. Ila ujue Grease Pencil iliandikwa upya katika Blender 4.3, Novemba 2024, na majina ya amri zake yakabadilika. Hati ya Python uliyoichukua kwenye mafunzo ya zamani haitafanya kazi kwenye toleo jipya, na kosa si lako.

Kuhusu kuhama programu: kwa sababu ya vitufe peke yake, hapana. OpenToonz, programu nyingine ya katuni, ni nzuri, ni ya bure tangu Machi 2016, na studio ya Ghibli iliitumia kwa miaka kabla ya hapo. Ina vyumba unavyoweza kuvipanga upya na dirisha la kupanga njia za mkato. Krita inachora raha. Lakini utakuwa unabadilisha usumbufu unaoujua kwa usioujua katikati ya kazi ya mteja. Maliza heroe kwanza. Ukitaka kuijaribu OpenToonz, ijaribu kwa kazi ya sekunde tano isiyo ya mtu.

Mkono nao. Kama kifundo kinauma au vidole vinakufa ganzi baada ya kuchora, vitufe haviwezi kuwa dawa pekee. Shusha meza au pandisha kiti mpaka kiwiko kikae usawa wa tableti, na pumzika. Maumivu yakiendelea, muone daktari kabla ya kuniandikia tena.

Mwisho, kwa sababu stima zetu unazijua. Blender hujihifadhia nakala yenyewe kila dakika mbili kwa kawaida, lakini usiitegemee peke yake. Kipe kitufe kimoja cha kipande chako amri ya "Save Incremental", iliyo kwenye menyu ya "File" katika matoleo ya karibuni: kila ukiigusa inahifadhi faili mpya yenye namba inayofuata, na ya jana inabaki kama ilivyokuwa. Na ule mpangilio wa vitufe utoe nje kwa "Export" pale pale kwenye "Keymap". Ni faili ndogo ya maandishi. Iweke kwenye flashi na ujitumie kwa barua pepe pia, kabla ya siku utakaposakinisha toleo jipya.